Kuendesha mchezo wa wahusika mtandaoni: mwongozo kamili wa programu, kuanzia dadu mpaka ramani

Mchezo wa wahusika ni hadithi inayosimuliwa kwa pamoja: kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, na dadu huamua anachofanikiwa. Kikao cha kwanza cha mtandaoni mara nyingi hakiharibiwi na hadithi mbovu. Huharibiwa na nusu saa ya mwanzo. Mmoja anauliza "mnanisikia?" na hakuna anayemsikia. Wa pili anaona weusi mtupu mahali palipotakiwa kuwa na ramani. Wa tatu bado yuko kwenye ukurasa wa kufungua akaunti, anasubiri barua pepe ya uthibitisho. Msimulizi, yule anayeendesha mchezo, amekesha siku mbili akiandaa, na kwake kila kitu kinafanya kazi.

Kwake kinafanya kazi kwa sababu skrini ya msimulizi inaona yote: kuta, mitego, majina ya maadui, vyumba ambavyo hakuna aliyevifikia. Mchezaji anaona sehemu ndogo tu ya hayo, na hiyo sehemu ndogo ndiyo mchezo wenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mchezaji. Kila programu tutakayoigusa, swali ni lile lile: yule aliye upande wa pili anaona nini, anasikia nini, na anabonyeza mara ngapi kabla hajaanza kucheza?

Hatua ya 1: Jua mchezo wako unahitaji nini

Dungeons & Dragons, mchezo wa wahusika unaojulikana sana, ilipotoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, vifaa vyake vilikuwa karatasi, penseli, dadu na watu waliokaa pamoja. Mpaka leo kazi ni nne: kuongea, kurusha dadu, kuonyeshana kilichopo mbele, na kukumbuka kilichotokea. Kila programu utakayosikia ikisifiwa inafanya mojawapo ya hizo, au inajaribu kuzifanya zote kwa pamoja.

Kabla hujapakua chochote, jiulize kama mahali aliposimama mhusika pana uzito wowote katika kanuni unazotumia. Kwenye Dungeons & Dragons na Pathfinder, mchezo wa jamii hiyo hiyo, pana uzito mkubwa, maana mapigano huhesabiwa kwa miraba, kila mraba futi 5, na hatua moja pembeni inaweza kumwokoa mtu. Lakini kuna michezo mingi ya upelelezi, ya kutisha, au ya mahusiano kati ya wahusika ambayo haina haja ya ramani hata moja. Kwa michezo hiyo, sauti, dadu na picha mbili tatu zinatosha, na anayeilazimishia meza nzima ya mtandaoni, yaani programu yenye ramani, dadu na kete (picha ndogo zinazowakilisha wahusika), anajitwisha mzigo wa bure.

Kisha waulize wachezaji wana vifaa gani. Hili swali husahaulika sana. Mtu mwenye simu peke yake hawezi kufuata ramani kubwa yenye kuta na taa mia. Mwenye kompyuta ya zamani atasikia feni ikivuma kama ndege inayoruka, halafu picha zinaganda. Meza yako ipangwe kwa kifaa dhaifu kuliko vyote, si kwa kifaa chako.

Kanuni ninayoishikilia: mchezaji asilazimike kufungua zaidi ya vitu viwili kwa wakati mmoja. Kimoja cha sauti, kimoja cha kutazama. Msimulizi anaweza kufungua kumi. Hiyo ni kazi aliyoichagua.

Hatua ya 2: Sauti ije kabla ya yote

Ramani ikikwama, mchezo unaendelea. Sauti ikikwama, mchezo umekwisha. Anza hapa.

Wachezaji wengi hutumia Discord, programu ya kuongea na kuandikiana iliyoanza mwaka 2015, na sababu ni nyepesi: seva ni bure, inafanya kazi kwenye simu na kompyuta, na mazungumzo ya maandishi hubaki baada ya kikao. Fungua seva ya kundi lako, uweke chaneli moja ya sauti na tatu za maandishi: moja ya ratiba, moja ya dadu, moja ya picha na barua ambazo wahusika wamezipata. Usiweke kumi na tano. Chaneli zikizidi, mtu anauliza swali la ratiba kwenye chaneli ya dadu, na jibu linapotea.

Kama kuna asiyetaka kufungua akaunti, Jitsi Meet hufunguka kwenye kivinjari kwa kiungo tu. Mwanzilishi wa mkutano ndiye anayeingia kwa akaunti.

Kila mtu avae vipokea sauti vya masikioni. Hili lisiwe ombi, liwe sharti. Spika moja iliyo wazi inarudisha sauti za wote kama mwangwi, na mwenye spika ndiye pekee asiyeusikia. Discord ina kichujio cha kelele kwenye mipangilio ya sauti, kiwashwe. Anayekaa penye watu wengi atumie kitufe cha kubonyeza ndipo aongee. Pia mfundishe kila mchezaji namna ya kurekebisha sauti ya mwenzake mmoja mmoja: bonyeza jina lake, telezesha kipimo. Watu hucheza miezi mingi bila kujua kuwa jambo hilo linawezekana.

Baadhi ya meza za mtandaoni, Foundry ikiwemo, zina sauti na video zao ndani. Mimi sizitumii. Sauti ikikaa mahali pake na ramani mahali pake, kimoja kikianguka kingine kinasimama, na unaweza kumwambia mchezaji "funga ukurasa, fungua tena" ukiwa bado unaongea naye.

Hatua ya 3: Dadu, na lugha yake

Programu zote za dadu zinaelewa maandishi ya aina moja. Namba ya kwanza ni idadi ya dadu, kisha herufi d, kisha idadi ya pande, kisha nyongeza. 2d6+3 maana yake rusha dadu mbili za pande sita, jumlisha, ongeza tatu. Ukiyajua haya umejua sehemu kubwa.

Kinachofuata ni amri. Kwenye Roll20 na Foundry, meza mbili za mtandaoni tutakazozichambua Hatua ya 4, unaandika hivi kwenye sehemu ya mazungumzo:

/r 1d20+5

Kwenye Discord, ukiwa umealika roboti ya Avrae, yaani programu inayojibu amri za dadu, kwenye seva yako:

!r 1d20+5

Mchezaji akiwa na faida, yaani anarusha dadu mbili na kubaki na kubwa, anaandika 2d20kh1+5. Herufi kh humaanisha "baki na ya juu", na amri hiyo hueleweka kwa zote tatu. Kutengeneza mhusika kwa njia ya kurusha dadu nne na kuacha ndogo ni 4d6kh3.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu msimulizi anayejua uzito wa dadu zake hupanga vikao vizuri zaidi. Dadu moja ya pande ishirini ina wastani wa 10.5. Ukirusha mbili na kubaki na kubwa, wastani unapanda hadi takribani 13.8, na uwezekano wa kupata 20 unatoka asilimia 5 hadi 9.75. Dadu tatu za pande sita nazo zina wastani wa 10.5, lakini matokeo yake hujikusanya katikati. Nne ukiacha ndogo zinakupa wastani wa kama 12.2. Kwa hiyo ukigawa faida kiholela kwa sababu kitufe kipo karibu, maadui wako watakuwa wepesi kuliko ulivyokusudia, na utabaki kujiuliza kosa liko wapi.

Dadu za siri zina amri yake: /gmr kwenye Roll20 na Foundry, na matokeo huyaona wewe peke yako. Zitumie pale tu ambapo matokeo yenyewe yangefichua jambo, kwa mfano mhusika anapotafuta mtego ambao huenda haupo. Mashambulizi ya maadui yarushwe hadharani. Kwenye meza ya mbao watu wanaona mkono wako. Mtandaoni wanachokiona ni maandishi, na imani yao inajengwa na maandishi hayo.

Vipi anayependa kurusha dadu zake za mkononi? Mruhusu, kundi likikubaliana. Mlio wa dadu mezani ni sehemu ya raha ya mchezo huu, na sioni sababu ya kumnyima mtu raha hiyo.

Hatua ya 4: Kuchagua meza ya mtandaoni

Hapa ndipo mabishano huwa makali. Nitasema ninavyoona.

Owlbear Rodeo ni ramani, kete na dadu ndani ya kivinjari, karibu hivyo tu. Unapakia picha, unatuma kiungo, wachezaji wanaingia bila kufungua akaunti. Inatumika hata kwenye simu. Haina karatasi ya mhusika (ile yenye namba na uwezo wake) inayopiga hesabu yenyewe, na kwa kundi jipya huo ni uzuri wake. Anayeanza leo, nampa Owlbear Rodeo na Discord yenye Avrae, na ninamwambia acheze vikao vitano kabla hajatamani kingine.

Roll20 ilianza mwaka 2012 na imebeba makundi mengi mno tangu hapo. Kila kitu kimo kwenye kivinjari: ramani, karatasi za wahusika za mamia ya michezo, dadu, mazungumzo, muziki. Sehemu kubwa ni bure. Mwanga unaofuata macho ya kila mhusika ni wa wanaolipia. Wachezaji wanahitaji akaunti, kwa hiyo watumie kiungo siku mbili kabla, si dakika tano kabla. Ihamie Roll20 pale hesabu za wahusika zinapoanza kula muda wenu.

Foundry ilitoka mwaka 2020 na inauzwa kwa namna tofauti: msimulizi ananunua leseni mara moja, wachezaji hawalipi chochote, wanafungua kiungo kwenye kivinjari. Programu yenyewe inaendeshwa na wewe, kwenye kompyuta yako au kwenye seva. Ina nguvu sana. Kuta, milango inayofunguka, taa zinazotikisika kama mwenge, moduli, yaani nyongeza, za kila aina zilizotengenezwa na watu wa kujitolea. Mfumo wake wa Pathfinder toleo la pili ni kazi ya watu hao wa kujitolea, hauna malipo, na umejaa kanuni, viumbe na uchawi tayari kwa kutumia. Kwa anayecheza Pathfinder sioni mshindani.

Lakini Foundry inataka mlezi. Ukiiwasha kwenye kompyuta yako inasikiliza kwenye poti (mlango wa mtandao) namba 30000, na ili walio nje waifikie inabidi uifungue poti hiyo kwenye ruta yako. Wakati mwingine hata hilo halitoshi, kwa sababu kampuni nyingi za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, na anwani hiyo haiko mikononi mwako. Kuna njia tatu za kutoka hapo. Unaweza kukodi huduma inayoiendesha kwa niaba yako, kama The Forge. Unaweza kukodi seva ndogo na kuisimamia mwenyewe. Au unaweza kuwaweka wachezaji wote kwenye mtandao wa faragha kwa Tailscale au ZeroTier, ila kila mchezaji atalazimika kusakinisha programu nyingine, na ile kanuni yangu ya vitu viwili imevunjika. Mwenye uwezo achague ya kwanza. Muda utakaouokoa ni wa kuandika hadithi.

Kuna nyingine pia. MapTool ni bure, msimbo wake uko wazi, na inafaa kwa anayependa kuandika amri zake mwenyewe. Fantasy Grounds ni ya siku nyingi, tangu mwaka 2004, na inajua kanuni kwa undani sana. Zote mbili husakinishwa kwenye kompyuta ya kila mchezaji, kwa hiyo mwenye simu anabaki nje.

Hatua ya 5: Ramani isiyomchosha mchezaji

Kosa la kwanza ni ukubwa. Ramani nzuri uliyoipakua inaweza kuwa na megabaiti arobaini, na kila mchezaji anaipakua nzima kabla hajaona kitu. Hesabu miraba kwanza. Chumba cha miraba 30 kwa 20, kwa pikseli 100 kila mraba, ni picha ya pikseli 3000 kwa 2000. Roll20 kwa kawaida hutumia pikseli 70 kwa mraba, kwa hiyo ramani hiyo hiyo itakuwa 2100 kwa 1400. Zaidi ya hapo unaongeza uzito ambao jicho halifaidiki nao. Ihifadhi kama JPEG, au WebP kwenye Foundry, na faili itapungua mara kadhaa. PNG iachie kete, maana zinahitaji mandhari ya nyuma yanayopenya.

Kosa la pili ni miraba isiyolingana. Kama picha tayari imechorwa miraba, ile ya programu lazima iikalie sawasawa. Tafuta idadi ya miraba upana na urefu, gawanya pikseli kwa idadi hiyo, ndiyo namba ya kuingiza. Ukikadiria kwa macho, kona ya kushoto itakaa vizuri na kona ya kulia kete zitakaa katikati ya ukuta.

Ramani za kupata wapi? Watabou ana vitengenezi vya bure vinavyokuchorea shimo, yaani handaki lenye vyumba na hatari, la ukurasa mmoja au mji mzima kwa kubonyeza mara moja. Azgaar anatengeneza dunia nzima: mabara, mito, falme na mipaka yake. Donjon hukupa shimo lenye vyumba vilivyoandikwa kilichomo, ukiwa umeishiwa mawazo na zimebaki saa mbili. Anayetaka kuchora mwenyewe atapenda Dungeondraft. Hulipiwa mara moja, na inaweza kutoa ramani pamoja na kuta zake katika faili ambayo Foundry huisoma kwa msaada wa moduli. Na usiidharau penseli. Mchoro wa mkono uliopigwa picha kwa simu, juu ya meza yenye mwanga mzuri, una uhai wake, na wachezaji huupenda.

Sasa tusogee karibu, kwenye kile kitu kinachoitwa ukungu.

Ukungu ni kifuniko kinachoficha sehemu za ramani ambazo wahusika hawajafika. Tuseme kundi limesimama mbele ya mlango wa chuma. Wanasikia maji yakidondoka. Ukiufungua ukungu wa chumba chote kwa mpigo mmoja, wanaona jeneza, madimbwi, mifupa na mlango wa pili kabla hujafungua kinywa; macho yameshamaliza, na maneno yako yanakuja kama habari ya jana. Fungua kwanza miraba mitatu ya mlangoni. Eleza harufu. Subiri mtu aseme "naingia na mwenge." Hapo ndipo ufungue umbali wa mwanga wa mwenge tu, na jeneza lionekane nusu. Programu ni ile ile, ramani ni ile ile, ila safari hii wanaona pale tu wanapouliza.

Mwanga wa moja kwa moja, ule unaofuata macho ya mhusika, hufanya hivyo kwa niaba yako. Nao ndio chanzo cha ile skrini nyeusi ya mwanzo. Mara nyingi sababu ni moja: kete ipo, ina uwezo wa kuona, lakini mchezaji hajapewa umiliki wake. Programu haijui aone kwa macho ya nani, kwa hiyo haimwonyeshi kitu. Fungua mipangilio ya mhusika, mpe mchezaji umiliki, na weusi unaondoka. Kama bado, hakikisha kete yenyewe imeunganishwa na karatasi ya mhusika, na kwamba chumba kina chanzo cha mwanga.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni majina. Kete uliyoiita "Mfalme bandia" itamsaliti mfalme wako mara mchezaji atakapopitisha kishale juu yake. Ramani uliyoiita "Kaburi la msaliti" nayo vivyo hivyo. Foundry inakuruhusu kuipa ramani jina la pili, lile wanaloliona wachezaji. Litumie. Kwenye Roll20, vitu vya siri vikae kwenye tabaka la msimulizi, lisiloonekana na wachezaji, mpaka muda wake ufike.

Hatua ya 6: Karatasi za wahusika

Hapa nitapita haraka. Kama meza yako ina karatasi za mchezo wenu, zitumie hizo hizo. Kama haina, PDF inayojazika inatosha kabisa. Wanaocheza Dungeons & Dragons wengi wako kwenye D&D Beyond, iliyoanza mwaka 2017 na kununuliwa na kampuni mama ya mchezo huo mwaka 2022; Avrae inaweza kusoma wahusika kutoka huko, kwa hiyo mchezaji akiandika amri fupi dadu zinarushwa pamoja na nyongeza zake.

Inafaa kujua kwa nini kanuni za msingi za mchezo huo zinapatikana bure kila mahali. Januari 2023, baada ya mabishano makali kuhusu leseni, kampuni ilitoa kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons. Yeyote anaweza kuzitumia kwa sharti la kutaja chanzo. Wa Pathfinder wana tovuti ya Archives of Nethys, ambako kanuni zimewekwa wazi na kupangwa vizuri.

Karatasi ya kwanza ijazwe pamoja, mkiwa kwenye sauti, mchezaji akishiriki skrini yake. Saa moja mtakayoitumia hapo itawaepusha na maswali ya miezi.

Hatua ya 7: Daftari la msimulizi

Maandishi yako yasikae ndani ya meza ya mtandaoni peke yake. Siku moja utahama programu, na hadithi ya miaka miwili haitakubali kuhama nawe kirahisi. Mimi napendelea Obsidian, programu ya kuandikia kumbukumbu: faili za maandishi matupu kwenye folda yako, zinazofunguka hata bila intaneti, na ukiweka jina ndani ya mabano mraba mawili linakuwa kiungo cha ukurasa mwingine. Joplin nayo ni nzuri, na msimbo wake uko wazi.

Folda nne zinatosha: Watu, Mahali, Vikao, Mafumbo. Ukurasa wa mtu uwe mfupi kiasi cha kusomeka wakati mchezaji anavuta pumzi:

Zuhura, mlinzi wa daraja
Anataka: kaka yake arudi kutoka mgodini
Anajua: nani alizima taa za mnara
Hatasema mpaka: ahakikishiwe usalama wa kaka
Sauti: taratibu, anarudia neno la mwisho la aliyesema
Mara ya mwisho kuonekana: [[Kikao cha 4]]

Mistari sita. Hiyo ya sauti inakusaidia kuliko aya tatu za maisha yake ya utotoni, kwa sababu ndiyo mchezaji atakayoisikia. Na kile kiungo cha mwisho ndicho kinachokuokoa pale mtu anapouliza, baada ya miezi mitatu, "yule mlinzi alituambiaje?"

Hatua ya 8: Muziki

Kwa kiasi. Tabletop Audio ina sauti za mazingira za dakika kumi kumi, bure: msitu, bandari, gereza. Syrinscape hukuruhusu kuchanganya mvua, nyayo na ngoma upendavyo. Kenku FM, ya watengenezaji wa Owlbear Rodeo, huipeleka sauti hiyo moja kwa moja kwenye chaneli ya Discord. Iweke chini sana kuliko unavyodhani, kisha mwambie kila mchezaji jinsi ya kuizima kwake. Mwenye usikivu hafifu atakushukuru.

Hatua ya 9: Keti kwenye kiti cha mchezaji

Siku moja kabla ya kikao, fanya jaribio hili. Linachukua dakika ishirini.

1. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, au kivinjari kingine kabisa, ili programu isikutambue kama msimulizi.
2. Ingia kwa kiungo kile kile ulichowatumia wachezaji. Kwenye Foundry tengeneza mtumiaji wa majaribio mwenye ngazi ya mchezaji. Roll20 ina kitufe kwenye mipangilio cha kujiunga upya kama mchezaji.
3. Hesabu mibonyezo tangu kiungo mpaka kuiona ramani. Ikizidi mitano, andika maelezo mafupi yenye picha.
4. Sogeza kete. Pitia mlango. Jaribu kuchungulia chumba ambacho hupaswi kukiona.
5. Rusha dadu kutoka kwenye karatasi ya mhusika, na uangalie kama matokeo yanasomeka kwa wote.
6. Rudia hatua ya pili mpaka ya nne kwa simu, ukiwa umezima Wi-Fi.

Hatua ya sita huumiza, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Jaribio jingine ni la watu. Kabla ya hadithi kuanza, fanyeni kikao cha maandalizi: mchezo utahusu nini, mambo gani hayataguswa kabisa, na yapi yatapita bila kuelezwa kwa kina. Mezani unaona sura ya mtu ikibadilika, mtandaoni huoni. Kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, inafaa sana hapa: mchezaji akituma herufi X, hadharani au kwa ujumbe wa faragha, tukio hilo linarukwa, bila swali wala maelezo. Andika hilo juu kabisa kwenye chaneli ya ratiba, na wewe uwe wa kwanza kuitumia ili wengine waone kuwa inaruhusiwa.

Hatua ya 10: Kikao chenyewe

Fungua sauti dakika kumi na tano kabla. Anayeingia, msalimie, msikie, mwambie asogeze kete yake mraba mmoja. Akiisogeza, umejua sauti, intaneti na umiliki viko sawa kwa pamoja.

Mapigano yakianza, tumia kipanga zamu cha meza yako. Kwa Avrae ni !init begin kuanzisha na !init next kusogeza. Lakini usikiachie kipanga zamu kazi ya kuongea. Taja majina mawili kila mara: "Salma, ni wewe. Baraka, jiandae." Anayejua anafuata hafungui ukurasa mwingine. Pumziko la dakika kumi kila baada ya saa moja na nusu si anasa, maana kutazama skrini huku ukisikiliza kunachosha haraka kuliko kukaa pamoja.

Wachezaji wawili wakiongea kwa mpigo, mtandao humeza maneno ya mmoja, na mara nyingi ni yule yule mpole. Ukisikia neno limekatika, mrudie kwa jina lake.

Na meza ikianguka katikati ya pambano? Usiwafanye watu wakungoje ukihangaika. Sema kila mmoja alikuwa wapi, hamieni kwenye dadu za Discord, endeleeni kwa maneno. Wawekee viwango vitatu vya umbali, yaani karibu, kati na mbali, na pambano litaisha vizuri tu.

Hatua ya 11: Baada ya wote kuondoka

Andika kikao kabla hujalala, mistari kumi: nani alikutana na nani, nani ameahidi nini, nani amebeba kitu gani. Kama mmekubaliana kurekodi, roboti ya Craig hurekodi kila msemaji kwenye faili yake, na hiyo hurahisisha kusikiliza tena. Idhini iwe ya wote. Mmoja akikataa, hamrekodi.

Kwenye Foundry, tengeneza chelezo (nakala ya akiba) kila baada ya kikao, nayo iwekwe nje ya kompyuta hiyo. Toleo jipya likitoka, usilisasishe siku ya mchezo wala siku ya kuamkia mchezo, kwa sababu moduli huchelewa kulifuata na baadhi huacha kufanya kazi. Subiri wiki kadhaa, soma kama moduli unazozitegemea ziko tayari, chukua chelezo, ndipo usasishe. Kwenye Roll20 nakili mchezo mzima kila mara sura moja ya hadithi inapofungwa.

Kisha panga tarehe inayofuata. Kama wachezaji wako katika saa za nchi tofauti, usiandike "saa mbili usiku" ukaacha hapo. Discord ina maandishi ya muda yanayoanza kwa <t: na kufuatiwa na namba ya sekunde (zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970) na mabano ya kufunga, na kila mtu atayaona yakiwa yamegeuzwa kuwa saa ya mahali alipo. Bandika mstari huo kwenye chaneli ya ratiba, na uwaombe wote wauwekee alama ya kukubali kabla ya usiku huo kuisha.